Mayai Laki Tatu ya Verna

Verna Tollefson alifanya kazi miaka ishirini na sita katika kituo cha serikali cha kuzalishia samaki, huko milimani Montana. Kila asubuhi aliinamia trei za maji baridi akichambua mayai ya samaki kwa kibano. Yai lililokufa hugeuka jeupe, na ukiliacha, kuvu huota na kuua hata yaliyo hai.

Mwenzake, Dwight Amundson, alikuwa Republican wa damu. Verna alikuwa Democrat. Ubishi wao ulianza na kahawa ya kwanza.

"Chama chenu kinatumia pesa kama mlevi sikukuu," Dwight alikuwa akimchokoza.

"Na chenu kinabana hata pumzi. Hebu nipe hiyo ndoo."

Desemba ile vyama vikashikana mashati juu ya bajeti kule Washington. Barua ikaja: wasipokubaliana kufikia Ijumaa ya wiki ijayo, serikali itafunga shughuli zake, na kituoni atabaki mlinzi tu. Kwenye trei kulikuwa na mayai laki tatu.

"Mlinzi ndiye atakayechambua?" Verna aliuliza.

"Atachokonoa meno yake," Dwight akajibu, ila hakucheka.

Jumamosi mbunge wao, Curtis Brekke, akaja kukutana na wananchi katika ukumbi wa shule. Alikuwa hajasema atapiga kura gani. Wa Republican walikaa kulia, wa Democrat kushoto, wakizomeana. Verna akapita katikati na bakuli mkononi. Dwight alikuwa nyuma yake.

"We Dwight, umepotea? Kwenu huku!" mtu akamrushia.

"Funga mdomo, mama anataka kusema."

Verna akaliweka bakuli mbele ya mbunge. Ndani, mayai yalikuwa yameshikana kwa utando mweupe kama pamba.

"Mheshimiwa, haya machache niliyaacha makusudi bila kuyachambua. Mkifunga, laki tatu yatakuwa hivi. Bishaneni, ni haki yenu. Mimi na huyu hapa tunabishana kila siku, lakini mikono yetu iko kazini."

Dwight akasogea kando yake.

"Kura yangu nilikupa wewe, Curtis," Dwight akasema. "Na mimi nasema kama yeye."

Makofi yakaanzia kulia, yakashika kushoto, mpaka dari likatetemeka. Brekke akainama kulitazama lile bakuli, lakini hakuahidi kitu.

Alhamisi asubuhi wakasikia redioni, wakiwa wameloa hadi viwiko. Brekke amewapinga wakubwa wa chama chake. Bajeti ya muda imepita kwa tofauti ya kura tatu; kituo hakifungwi!

Dwight akarusha glavu juu. Verna akageuza ndoo, akaipiga kama ngoma, akiimba na kulia kwa pamoja. Kabla ya adhuhuri magari yalikuwa yamejaa kuanzia kituoni hadi darajani, honi zikilia, watu wa vyama vyote wakishuka na keki za tufaha mikononi. Waliwabeba wote wawili mabegani, mabuti yakichuruzika maji, wakawazungusha kituo kizima.