Nyuma Iko?

Mwalimu wangu wa urubani alikuwa mzee wa Kizungu mwenye hasira za karibu, na mimi nilikuwa na zangu, kwa hiyo tulielewana. Ujanani alirusha ndege za mabomu katika Vita Vikuu vya Pili, kisha akawafundisha vijana wengine kuzirusha. Miaka ya themanini ilimkuta Kisumu na ndege moja kuukuu ya viti viwili. Mimi nilikuwa mpimaji wa hali ya hewa pale uwanja wa ndege. Kila asubuhi nilimpelekea habari za upepo, na siku moja nikamwambia waziwazi kwamba nimechoka kuupima upepo, nataka kuupanda.

Alicheka mpaka akakohoa. "Basi kesho asubuhi, mama. Ukichelewa, usikuje tena."

Sikuchelewa. Nilitoka nyumbani, mtaa wa Migosi, kwa baiskeli, alfajiri, na nilifanya hivyo hata siku za mvua.

Kilichonikera ni desturi yake moja. Kabla ya kupaa, na tena kila tulipogeuka angani, aliita watu ambao hawakuwepo. "Mbele iko?" Mimi nijibu, "Iko." "Kulia iko? Kushoto iko? Nyuma iko?" Huko nyuma palikuwa na mfuko wa spana tu. Nikijibu bila kugeuza shingo, alinigonga begani. "Angalia kwanza!" Nyumbani nikamwambia mama yangu kwamba mzee ana wazimu. Mama alikuwa akipanga samaki wake wa kwenda kuuza mtaa wa Obunga. "Sasa kama ana wazimu," akasema, "wewe unaenda naye huko juu kufanya nini?"

Siku moja, tukiwa bado ardhini, niligoma kujibu. "Mzee, huko nyuma hakuna mtu."

Akazima injini. Akaniambia, kwa sauti ya chini ambayo sikuwa nimeizoea, kwamba katika ndege ya mabomu kila mtu alikuwa na nafasi yake na hawakuonana, kwa hiyo rubani aliwaita mmoja mmoja kwa simu ya ndani. Mpiga bunduki wa mkiani alikaa peke yake, mbali na wenzake. Safari moja mzee alikuwa amempa usukani mwanafunzi wake. Walipokuwa wakirudi, wakaona pwani ya kwao, wakafurahi. Mwanafunzi akaacha kuita, na mwalimu naye hakumkumbusha. Ndege ya adui ilikuwa ikiwafuata.

"Sisi tulikuwa tunaimba, mama. Ya nyuma hakuna mtu aliuliza." Walipotua walimkuta yule wa mkiani amekufa kwenye kiti chake. "Mwalimu ilikuwa mimi."

Sikugoma tena.

Kisha daktari akampima macho akamwambia mwezi ukiisha, asirushe wala kufundisha. Mwalimu mwingine hakuwepo. Kama nisingeruka peke yangu kabla ya mwezi kuisha, ningebaki kusoma vipimo mpaka nizeeke. Nililia kwa hasira, nikanawa uso, nikamfuata penye ndege. "Mzee, shuka. Leo naenda peke yangu."

"Upepo?"

"Nimeupima mwenyewe."

Akashuka.

Bila uzito wake ndege ilipaa upesi kuliko nilivyotarajia, na moyo ukanipanda nayo. Juu ya ziwa nikaanza kugeuka kushoto, na macho yangu yote yalikuwa kushoto, kwenye uwanja. Nikajilazimisha kuita. Mbele iko? Iko. Kulia iko? Nikageuza shingo, nikaona wingu la sam, wale wadudu wa ziwani, likipanda kutoka majini kama moshi wa tanuri la makaa, na upepo ukilisukuma kuelekea njia yangu ya kutua. Wakinata kwenye kioo huoni kitu. Niliogopa sana. Lakini sikuwa nimeamka alfajiri zote zile nikashindwe na wadudu. Nikaenda mbali kushoto, nikazunguka, nikaliacha lipite, huku nikiita kila upande kwa sauti kubwa. Nilipotua niliruka mara moja kama chura, kisha magurudumu yakatulia.

Mzee alikuja akitembea polepole. Hakunipongeza. Alishika mlango akauliza, "Watu yote imerudi?"

Nilitaka kujibu papo hapo. Kwanza nikageuza shingo, nikautazama ule mfuko wa spana.

"Wote wamerudi, Mzee. Hata wa nyuma."

Akaegemea bawa la ndege akalia, na mimi sikumwambia anyamaze.