Maji Mara Saba kwa Kila Jino

Kwanza nilisikia makucha. Yalikuwa yakikwaruza ndani ya kikapu cha ukili, kisha kimya, kisha mlio mwembamba kama wa bawaba isiyotiwa mafuta. Mwalimu wangu alikuwa amekipakata kikapu hicho, kaketi barazani kwetu mtaani Kuze, mdomo wa kikapu umefungwa kwa leso, na alikuwa bado hajaniambia amekuja na nini.

"Usinicheke," alisema, akafungua fundo.

Kichwa cheupe kikachomoza, hakizidi ngumi yangu. Alikuwa mtoto wa mbwa, wa ile jamii ya mbwa wasiokua, ambao hata wakizeeka huenea kikapuni. Mwanawe Mwalimu, mfanyakazi wa ofisi moja ya malori kule Shimanzi, alimletea ili nyumba isiwe tupu baada ya mumewe kufariki. Mwalimu alishuka kutoka bara akiwa msichana, akaja kufundisha Mombasa, hakurudi tena. Ndiye aliyenifundisha insha darasa la sita, na ndiye mtu wa kwanza kuniambia kwamba ninayoandika yanasomeka.

Akanionyesha mkono. Vidoti vyekundu vilitapakaa kutoka vidoleni mpaka karibu na kiwiko. Tangu augue moyo alikuwa akimeza dawa ya kuifanya damu iwe nyepesi, na kidonda ambacho kwangu kingekauka kabla chai haijapoa, kwake kilivuja asubuhi nzima.

"Daktari hataki kumsikia. Mwanangu naye amesema, mwezi ukiisha kama bado anauma, anampeleka kwa rafiki yake Voi." Akamrudisha kichwa ndani kwa ncha ya kidole, haraka, kama mtu anayegusa sufuria ya moto. "Usiku hulala miguuni pangu. Sasa, wewe unashinda nyumbani unaandika. Nikafikiri labda..."

Nikamwambia anipe wiki tatu, nami sijamuuliza mwenye nyumba.

Mwenye nyumba ni Nyanya yangu, na nyumbani kwetu mbwa haingii. Mate yake yakikugusa huoshi mara moja ukaridhika. Unaosha mara saba, moja katika hizo kwa udongo, ndipo usimame kuswali. Nyanya alinisikiliza akiwa ngazini, mkono mmoja ukutani.

"Ni wa nani huyo?"

"Ni amana, Nyanya. Ya Mwalimu."

Neno hilo lilimtuliza kidogo.

"Atakaa uani. Ndani sitaki kumuona. Na ndoo ile ya buluu ni yenu, wewe na yeye."

Nikaanza. Nilikuwa nimesoma kwamba watoto wa mbwa hufunzana wenyewe: mmoja akiumwa hulia, mchezo ukakatika. Basi kila aliponiuma nililia "ai!", nikauvuta mkono, nikaenda mbio kwenye ndoo. Kopo la kwanza na udongo, kisha mengine sita, maji yakitiririka juu ya sakafu hadi kwenye karo la maji machafu. Siku zilikuwa za joto. Mikono yangu ilipauka kama ya fundi wa chokaa, na riwaya niliyokuwa nikiiandika ilibaki ukurasa uleule, ukiwa na alama za meno pembeni. Wiki ya kwanza ilipokwisha, alikuwa akiniuma mara mbili zaidi ya siku aliyokuja.

Nyanya huchagua mchele dirishani juu, dirisha linalotazama uani. Asubuhi moja aliniita.

"Mwana wewe."

"Naam, Nyanya."

"Wamfunza kuacha kuuma, au wamfunza kuoga?"

Nikainua uso, mkono unadondoka maji.

"Mtizame. Akishakuuma, yeye ndiye yuwatangulia ndooni. Wampigia ukelele, wakimbia naye, wamnyunyizia maji mara saba. Joto lote hili. Hata mimi ningekuuma."

Nikamtazama. Alikuwa kweli ameketi kando ya ndoo, manyoya yamemganda mwilini, mkia unapiga sakafu, akingojea kopo linalofuata. Nilicheka, kisha nikaliweka kopo chini. Siku nane nilikuwa nimemlipa kwa kila jino.

"Basi nisioshe?"

"Nani kasema usioshe? Osha. Lakini si mbele yake, na si mbio."

Akashuka kwenda jikoni, na ili ufike jikoni lazima uvuke ua. Hapo ndipo nilipomwona vizuri. Alikusanya upindo wa leso yake, akauinua juu kidogo ya vifundo vya miguu. Mbwa alipomrukia, Nyanya akasimama. Mikono kifuani, uso ukutani, bila neno. Hakuwa akimfunza mtu; alikuwa akizilinda nguo zake za swala. Mbwa aliruka, akabweka, akazunguka mara mbili, kisha akakaa kitako, amechoka kucheza na nguzo. Nyanya akaendelea. Alipofuatwa, akasimama tena. Wiki nzima alikuwa akivuka hivyo, mara tano kwa siku na zaidi, na jino halikuwahi kumgusa. Mtu pekee ambaye hakuumwa katika nyumba ile ni yule ambaye hakumtaka.

Nikaacha kulia. Kwangu haikuwa rahisi. Mimi ni mtu wa maneno, nikidungwa na sindano nataka kusimulia. Aliponishika kidole, niliuacha mkono ulale kama umekufa, nikageuza uso, kisha nikainuka nikaenda kuosha nyuma ya mlango wa jikoni, taratibu, kopo moja baada ya jingine, huku nikimsikia akinung'unika upande wa pili. Siku mbili za mwanzo alizidi. Siku ya tatu, alasiri, alinishika kidole cha shahada, akanihisi ninavyonyamaza, na taya lake likalegea. Akaachia mwenyewe. Akanitazama kana kwamba kimemtoka kitu kinywani asichokijua.

"Amefanyaje?" Nyanya aliuliza kutoka juu.

"Ameachia."

"Mm."

Kesho yake nilikuta kisahani ngazini, ndani yake vipande vya samaki vilivyotolewa miiba yote, hata ile midogo.

Mwalimu alikuja Jumamosi baada ya alasiri. Alimwamkia Nyanya, wakaulizana hali, za nyumbani, za afya, za mtoto kazini, huku mikono yake ameificha chini ya mkoba. Mbwa alipomsikia sauti alianza kulia kwa furaha, na Mwalimu akarudi nyuma hatua moja.

"Simama," Nyanya alimwambia. "Mpe mgongo. Usimwambie kitu."

"Mama, mimi darasani sikuwahi kuwapa watoto mgongo."

"Huyu ana adabu kuliko hao. Mpe."

Akampa. Mbwa akamrukia, akashika upindo wa rinda, akauachia, akakaa.

"Sasa mkono. Polepole."

Mwalimu akaushusha mkono. Mbwa aliunusa, akafungua kinywa, akakishika kidole gumba. Mwalimu akafumba macho. Hakuuvuta. Nikahesabu moja, mbili, na kabla ya tatu kinywa kikafunguka, ulimi ukapita juu ya kidole kile. Mwalimu akaupeleka mkono kwenye mwanga, akaugeuza juu, akaugeuza chini, akitafuta damu. Kisha akaketi ngazini akampigia mwanawe simu.

"Usije na gari," alisema. "Huyo rafiki yako wa Voi atafute mbwa wake. Huyu ni wangu." Akasikiliza. "Nimesema ni wangu."

Nikamtia mbwa kikapuni. Mlangoni Mwalimu alitaka kumshika Nyanya mkono, akakumbuka ule mkono umetoka wapi, akauweka kifuani pake badala yake. Nyanya naye akaweka wake kifuani. Mwalimu akashuka kwenye uchochoro, kikapu amekikumbatia kwa mikono miwili, na Nyanya akaufunga mlango polepole, asimshtue.