Nukta Iliyokataa Kunyooka

Binti yangu alipokwenda chuo cha pwani kusomea mambo ya bahari, nilidhani atajifunza kukaa ofisini na kuandika ripoti za samaki. Hilo ningelivumilia, ingawa sisi ni watu wa ngamia na samaki nyumbani kwetu hapikwi. Mwaka wa pili akarudi likizo Garissa, mweusi kwa jua kuliko tulivyomwacha, akaniambia yeye na mwenzake wanashindana kwa tanga.

Alinionyesha picha ya chombo chenyewe. Ni matumbo mawili membamba kama ya mitumbwi, marefu kidogo kuliko gari langu, yameunganishwa kwa vyuma, na katikati pametandikwa wavu. Wasichana wawili hukaa juu ya wavu huo wakilowa kutwa nzima. Wanakiita katamarani. Nilitafuta paa sikuliona, nikatafuta injini sikuiona.

"Sasa hii ni nini?" nikauliza.

"Ni mashua, Abo."

Abo ni baba kwa lugha yetu, nami kama baba nikamrudishia picha yake.

Mashindano yenyewe ni ya kutoka Kilifi hadi Lamu, siku kadhaa, wakilala ufukweni kila jioni kwenye vituo vilivyopangwa. Na wameyaweka wakati wa kaskazi, yaani upepo unatoka kule kule wanakokwenda. Nikamuuliza kwa nini wasingoje miezi michache upepo ugeuke uwasukume kwa nyuma. Akacheka mpaka akakohoa. Akasema hiyo ndiyo raha yake. Nimefundisha shule ya msingi nusu ya maisha yangu na nimesikia majibu ya kila aina, lakini hilo lilinishinda.

Tulibishana wiki nzima, kisha tukaafikiana. Akifika Lamu kwa tanga lake mwenyewe, nitamwacha na bahari yake wala sitamsumbua tena. Asipofika, atarudi nyumbani tumtafutie kazi ya watu wenye akili timamu. Alikubali haraka mno, nikahisi nimepunjwa. Akaongeza sharti la mashindano: mtu wa nje akiwavuta au akiwapa kamba wakaishika, wametolewa hapo hapo. "Kwa hiyo, Abo, tafadhali, usitume mtu."

Nikasema nimtume nani mimi, na Garissa haina hata bata wa kuogelea.

Chombo chao kilikuwa na kifaa kinachotuma mahali walipo, na kwenye simu yangu walionekana kama nukta nyekundu inayoacha mstari nyuma yake. Kabla hajaondoka alinichorea mchangani kwa kijiti. Chombo cha tanga hakiwezi kwenda moja kwa moja kule upepo unakotoka. Hukata upande huu, kisha hugeuka kikakata upande ule, na kwa kukata hivyo kinapanda kidogo kidogo. Mabaharia husema wanakwenda kwa mbisho. Pale mchangani nilielewa kabisa. Nilielewa vizuri kiasi kwamba niliweza hata kumweleza jirani.

Siku mbili za mwanzo nilikuwa na ile nukta peke yangu. Siku ya tatu asubuhi mama yangu akaichukua simu. Mama amelelewa nyuma ya mifugo upande wa Elwak, na ukimpa mstari wowote, hata wa siafu, atakuuliza ni wa nani na alikuwa na hali gani. Aliketi chini ya mwarobaini uani, akaisogeza simu karibu na macho, akauliza Lamu iko upande gani. Nikamwonyesha.

"Mbona basi haendi huko?"

Nikachukua kijiti, nikachora mchangani kama nilivyochorewa. Nilipofika kwenye kona ya pili nikasahau upepo ulikuwa unatoka wapi. Nikafuta, nikaanza upya. Mama hakuwa akitazama mchoro wangu.

"Anakwenda, anarudi. Anakwenda, anarudi," alisema. "Sasa tazama, anakwenda mahali pasipo na kitu. Huyu ana kiu."

Kwetu hilo si neno la kusema ovyo. Mtu aliyezidiwa na kiu nyikani nyayo zake huyumba, hurudi alikotoka, kisha huacha njia na kuelekea kusikoelekewa. Mama ameziona nyayo za namna hiyo na amewaona watu waliokutwa mwisho wa nyayo hizo. Nilitaka kumwambia baharini mambo ni mengine. Lakini niliitazama tena ile nukta, na wallahi iliyumba. Nikaogopa. Nilijua ni mbisho na wakati huo huo nilijua mwanangu anakufa kwa kiu, na sikuweza kukiondoa kimoja kichwani ili nibaki na kingine.

Halafu karibu na Kipini nukta ikasimama.

Sijui nani aliwaambia wanaume wa mtaani. Kwetu mtu akisemwa amepotea, hakuna anayengoja mwaliko. Aliyekuwa dukani hufunga, aliyekuwa mnadani huacha mbuzi kwa mwenzake, wote huja kuketi nyumbani kwa aliyepotelewa. Kisha mmoja huteuliwa kwenda kutafuta, na huyo haruhusiwi kurudi mikono mitupu. Uwanja ukajaa. Jirani yangu, mfanyabiashara wa ng'ombe, alileta hata madumu ya maji na kuyapanga kwenye pikapu, kisha akasimama kando yake akijiuliza, nadhani, gari linakwenda wapi. Bahari iko mbali na sisi.

Ndipo mtu akamkumbuka binamu yangu anayeuza ng'ombe upande wa Lamu. Kumbe siku hiyo alikuwa Kipini. Mama ndiye aliyezungumza naye, kwa maneno machache, kama anayemtuma mtoto dukani. Binamu akakodi boti ya injini. Mimi nilisimama katikati ya uwanja nikisema, "Ngojeni kwanza," na kila aliyenisikia alinishika bega kwa huruma.

Nukta ikaanza kwenda tena. Hakuna aliyejali. Kila mtu alishakuwa kiongozi wa msafara. Mmoja alisoma ramani juu ya bega la Mama, mwingine akapaza sauti kwenye simu ya pili, wakamwelekeza binamu kulia na kushoto, naye akalalamika kwamba baharini hakuna kulia wala kushoto, kuna maji tu. Jirani akamtaka nahodha wa ile boti mwenyewe, akamwambia kwa Kiswahili, "Wewe kijana, shika huyo mutoto, usiache abotee!"

"Mzee, hawa hawajapotea," yule nahodha alijibu. "Upepo ulikufa kidogo, sasa wabisha. Lakini chombo hiki, mie siwezi kukipanda hata kwa dawa."

Jibu la kwanza lilinituliza, la pili likanivuruga.

Kisha tukasikia kwenye simu, kwa mbali, katikati ya upepo na mlio wa injini, sauti ya binti yangu. Uwanja mzima ukaisogelea simu. Binamu alikuwa amemfikia.

"Adeer, kaa mbali!" alikuwa akimpigia kelele huyo ami yake. "Usitupe kamba!"

"Bibi yako amesema nisirudi bila wewe."

"Tuna maji! Tuna chakula! Tuko salama!"

"Basi panda unieleze huku."

Mama akaisogelea simu. Akamsalimia mjukuu wake salamu zote kwa utaratibu, ya amani, ya afya, ya usiku ulivyopita, na mtoto wa watu akaziitikia moja moja kwa heshima, huku nikisikia tanga likipigapiga. Kisha Mama akasema, "Njoo nyumbani."

Hakuweza kumwambia bibi yake hapana, sikumlea hivyo. Akasema, "Abo yuko hapo?"

Simu ikaletwa kwangu. Niseme ukweli nilivyojisikia. Neno moja lingetosha: shika. Angeshika, angetolewa, angerudi Garissa, na mapatano yetu yangekuwa yameisha kwa faida yangu. Ningelala. Wanaume wote walinitazama, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na shaka nitasema nini. Mimi mwenyewe nilikuwa nayo tele. Sikujua hali ya hewa ikoje. Sikujua kama ule wavu unaweza kukatika. Sikujua huyo msichana mwenzake ni mtoto wa nani, na mama yake naye ameketi wapi na simu ya namna gani mkononi.

"Abo?" alisema. Sauti haikuwa ya mtu mwenye kiu. Ilikuwa ya mtu aliyeshikwa shati akiwa njiani.

"Usishike kamba," nikasema.

Nilisikia akimwambia mwenzake jambo, kisha upepo tu. Kwenye ramani mkononi mwa Mama ile nukta ikageuka, ikaipa Lamu ubavu, ikaelekea bahari kuu, kule kusiko na kitu. Mtu mmoja nyuma yangu akasoma dua kwa sauti ya chini.

"Wameniacha," binamu alisema. "Wanakwenda nje. Nifanye nini?"

"Rudi Kipini."

"Nitamwambia nini mama yako?"

Simu ilikuwa na sauti kubwa, na mama yangu alikuwa ameketi mbele yangu. Nikamjibu binamu, lakini nilikuwa namtazama yeye.

"Mwambie ulimpata. Mwambie baba yake ndiye aliyemwachia."

Mama akainuka, akajifuta mchanga, akanisukumia mkononi ile simu yenye nukta aliyokuwa ameishika tangu asubuhi.

"Haya," alisema. "Sasa mtazame wewe."