Mfuko wa Sukari kwenye Baiskeli ya Kaka

Jumatatu ya kwanza ya Juni nilimpoteza kaka yangu. Tulimzika kwetu Ikinga, kisha nikarudi Tunduma kufunga chumba chake. Humo ilikuwemo baiskeli ya umeme aliyoitengeneza mwenyewe: mota ya kuokoteza kwenye gurudumu la nyuma, betri za pikipiki ndani ya sanduku la mbao. Alimwahidi mama kwamba atafika nayo nyumbani ikinguruma. Mama akanipigia simu.

"Ilete wewe, siku ya kuanua matanga. Nataka niisikie."

Siku hiyo nilitoka alfajiri, na kosa nilikuwa nimeshalifanya. Kwetu hatuendi msibani mikono mitupu, kwa hiyo nilifunga nyuma mfuko wa sukari na dumu la mafuta ya kula. Kaka aliijaribu baiskeli kwa uzito wake tu, na alikuwa mwembamba. Nilijua hilo. Nikafunga hivyo hivyo.

Kwenye foleni ya malori ya mpakani dereva mmoja wa bodaboda aligonga sanduku la betri kwa vidole.

"Braza, umebeba jeneza la kuku?"

Wenzake wakacheka.

Hadi Mpemba ilikwenda vizuri. Nilipoanza kupanda milima ya Ileje, mota ikapunguza sauti, ikanyamaza. Nikakanyaga pedali, mnyororo ukachomoka. Nikaurudisha, ukachomoka tena. Nikashuka, nikasukuma mpaka kwenye duka la njiani, nikaomba kuchaji.

"Umeme hakuna tangu asubuhi, ndugu yangu," alisema mwenye duka. "Acha mzigo hapa, utaufuata kesho."

Nilikataa. Ningeingiaje mikono mitupu? Nikasukuma. Nilimkasirikia kaka kwa betri zake nzito, halafu nikakasirika zaidi kwa kuwa hayupo nimgombeze.

Nilifika jua likizama. Matanga yalishaanuliwa, majamvi yamekunjwa. Baba mdogo akautazama mfuko.

"Sukari tena? Mbona imebaki tele ndani."

Mama hakuutazama. "Inalia?"

"Imeisha chaji, mama."

"Jaribu."

Nikaufungua mzigo, nikainua gurudumu la nyuma, nikamwonyesha swichi. Akabonyeza. Mota ikanguruma, gurudumu likazunguka kidogo, likasimama.

Akabonyeza tena. Haikuwaka.