Mtoto wa Efrazia Amekataa Vikombe Vinne

Saa tatu asubuhi, jua la Ngombezi limeshaanza kuchoma, na Efrazia Mikaeli anatupia fungu la mwisho la singa mbichi juu ya waya. Anazitandaza nyuzi hizo za mkonge kwa viganja viwili, anazichambua kwa vidole, anazitikisa mara moja. Maji ya mkonge yanamtiririka mpaka kwenye viwiko. Mgeni angejikuna hadi jioni, lakini yeye hana habari.

Anatazama saa kwenye simu yake, kisha anasonya.

"Haya, twende ukaone vituko kwa macho yako," anamwambia mwandishi wa makala haya. "Usije ukasema nakutungia."

Vituko vyenyewe vina umri wa miezi minane na meno mawili ya chini, na vinaitwa Justa.

Efrazia, 27, ni kibarua wa kuanika singa katika shamba moja la mkonge hapa Ngombezi, nje kidogo ya mji wa Korogwe. Babu yake alitoka Kigoma kuja kukata mkonge, baba yake akazaliwa hapa kwenye kambi ya vibarua, na yeye akazaliwa chumba cha tatu kutoka hiki anachoishi sasa. Kwa miaka sita amekuwa akilipwa kwa siku, shilingi elfu sita, na siku ya mvua ni ya kukaa bure.

Wiki mbili zilizopita nyapara wake, Mzee Filemoni, alimwita pembeni akampa habari aliyoingoja miaka yote hiyo. Nafasi ya kudumu imepatikana kwenye chumba cha brashi, ambako singa zilizokauka hung'arishwa kwa mashine. Kuna mshahara wa mwezi, kuna likizo, kuna bima ya matibabu. Anatakiwa kuanza Jumatatu, na leo ni Ijumaa.

Mwanikaji anaweza kuchomoka mara mbili kwa siku akakimbia nyumbani kunyonyesha. Mtu wa brashi hawezi. Chumba chenyewe kiko upande wa pili wa shamba, karibu saa nzima kwa miguu, na ukishaingia saa moja asubuhi unatoka saa tisa alasiri. Kwa hiyo Justa lazima ajue kunywa kwenye kikombe. Justa hataki.

"Mzee Filemoni kaniambia, 'Mwanangu, Jumatatu usipoonekana nampa mwingine, na usije ukaninunia,'" anasimulia Efrazia, akikata njia katikati ya waya kwa hatua ndefu. "Sasa nimnunie nani? Nimnunie mtoto?"

Kliniki, muuguzi alimkataza chupa ya kunyonyea kwa sababu ni ngumu kusafisha. Alimwambia anunue kikombe, akamsisitizia usafi mara tatu. Efrazia aliondoka akiwa ameshika maneno mawili: kikombe na usafi.

Akanunua cha kwanza soko la Korogwe, cha kijani, chenye masikio mawili na mdomo mfupi wa matundu matatu, kwa shilingi elfu mbili na mia tano. Justa alionja, akakunja uso kama aliyelamba shubiri, akakirusha uvunguni.

Cha pili kilikuwa cha mrija. Muuzaji, kijana aitwaye Jabiri, aliapa kwamba hata mtoto aliyezaliwa jana angekinywea. Justa aliung'ata mrija, akalia robo saa.

"Nikarudi kwa Jabiri. Unajua aliniuliza nini? 'Dada, una hakika mtoto ana kiu?' Nilitamani nimvalishe kile kikombe kichwani."

Cha tatu kililetwa na mumewe, Habakuki, anayepakia magunia ya mahindi kwenye malori huko Mkata, Handeni, na kurudi nyumbani kila Jumamosi. Kilikuwa cha rangi ya waridi, kina picha ya bata, na ndani kina kizibo cha mpira cha kuzuia kumwagika.

"Kweli hakimwagi," anasema Efrazia. "Na hakitoi! Nilikinyonya mimi mwenyewe, mtu mzima, mpaka mashavu yakauma. Habakuki kakaa pale anamsifia bata."

Cha nne alikinunua juzi kwa shilingi elfu tisa, kibarua cha siku moja na nusu. Hicho hataki hata kukizungumzia.

Tunamkuta Justa barazani kwa jirani, Bibi Mwaija, ambaye kwa umri wake wa miaka sabini na ushee amelea nusu ya watoto wa kambi hii.

"Shikamoo bibi. Kanywa?"

"Marahaba. Kanywa wapi, mama Justa? Kanivisha uji huu hapa." Bibi anaonyesha bega la khanga yake.

Efrazia anakichukua kikombe cha elfu tisa, anakitikisa, anakipeleka mdomoni kwa mwanawe huku akimbembeleza. Justa anaonja. Anakunja uso. Kikombe kinaruka, kinagonga nguzo, kinabiringika hadi kwenye miguu ya kuku.

"Unataka nini wewe?" Efrazia anapaza sauti. "Unataka cha dhahabu? Jumatatu nikikosa ile kazi nitakuuza wewe na bata wako!"

Machozi yanamlenga. Anaokota kikombe na kwenda nacho kwenye beseni. Kwenye pindo la khanga anafungua kifungu kidogo cha singa, kibichi, alichotoka nacho kazini sasa hivi. Anasugua kwa sabuni ndani na nje. Kisha anachomoa uzi mmoja mmoja na kuupitisha kwenye kila tundu la mdomo wa kikombe, kwa uangalifu wa fundi cherehani. Anasuuza mara mbili.

Anapogeuka, anaduwaa. Justa amejivuta hadi mapajani kwa Bibi Mwaija, na anagugumia uji kutoka kikombe cha bati cha bibi, kile kilichobanduka rangi ukingoni. Mikono yake miwili imekikumbatia. Hataki kupumua.

"Mwee!" anasema Efrazia. "Hicho kina nini?"

"Kina uji," anajibu bibi. "Lete hicho chako."

Bibi Mwaija anaweka mdomo wa kikombe kipya kwenye ncha ya ulimi. Anatema mate pembeni.

"Mama Justa, hiki unakioshea nini?"

"Singa, bibi. Tena mpya. Kila siku natoka na kifungu kipya. Siwezi kumwoshea mtoto kwa ile ya masufuria."

"Mbichi?"

Efrazia anakitazama kifungu kilicho mkononi mwake. Kambi nzima huosha vyombo kwa singa, lakini singa zilizolowekwa na kuanikwa wiki nzima, zikaisha ule uchungu na mwasho. Yeye mwenyewe ndizo anazotumia kwa masufuria. Kwa mtoto aliona apate kilicho kipya, na kila alipozidisha usafi, ndivyo alivyozidi kujaza maji ya mkonge kwenye vile vitundu.

Anakichukua kikombe, anakilamba. Analamba tena.

"Mbona mimi sisikii kitu?"

"Utasikia nini wewe, uliyezaliwa humu?"

Anaketi kizingitini, anajipiga kofi la paja, na kwa muda haijulikani kama anacheka au analia. Elfu tisa! Halafu anainuka, anavifuata vile vitatu kwake, anawasha jiko, anavichemsha vikombe vyote vinne kwenye sufuria moja. Vikipoa, anaanza kutia uji kwenye kile cha kijani cha elfu mbili na mia tano. Justa anaonja, anasita, anaonja tena. Nusu ya uji inaingia tumboni na nusu inaishia kifuani, ila kikombe hakiruki. Cha bata bado hakitoi kitu.

Saa nne imeshapita na waya zinamngoja. Jumatatu ataingia brashi. Yeye na Habakuki wamepanga kuweka akiba kwenye huo mshahara hadi wapate kishamba Kwashemshi, kule mlimani, ili Habakuki aachane na magunia ya Mkata walime pamoja. Wamejipa miaka mitano.

Kabla ya kuondoka, anampangusa Justa kidevu kwa upindo wa khanga.

"Babu yangu aliyazoea haya maji, baba akayazoea, mimi ndiyo hivyo, hata nikiyalamba siyasikii," anasema. "Huyu kayaonja mara moja tu akatupa kikombe. Wiki mbili nzima namgombeza, kumbe mwenzangu ulimi wake bado mzima. Ndiyo nataka tuhame kabla haujazoea."