Kurasa Ambazo Sikuzisoma

Kuna Jumapili moja hainitoki akilini, mwanangu, na kila nikiikumbuka nainamisha kichwa, ingawa wengi waliokuwepo wameshakufa.

Nilikuwa kijana, karani wa treni, nimehamia mji wa migodi wa Kolwezi kutoka Lubudi miezi michache tu nyuma. Nilijiona msomi kwa sababu ya Kifaransa changu. Baada ya misa tulikuwa tunakutana watu wanane katika ukumbi wa parokia kuzungumza juu ya riwaya. Kitabu kilikuwa kimoja, kikizunguka nyumba kwa nyumba, kisha kila mmoja anasema alivyokiona.

Safari hiyo kilikuwa kisa cha mama aliyefiwa na mtoto, akatembea kwa miguu hadi kijiji alikozaliwa, na njiani moyo wake ukaanza kupona. Nilisoma kurasa kama ishirini nikachoka. Nikatazama maneno ya nyuma ya jalada, nikampelekea mwenzangu kitabu. Nani angejua?

Jumapili ilipofika, wa kwanza kusimama alikuwa Mama Ilunga, muuza unga wa muhogo sokoni, ambaye kwa kawaida hakusema kitu. Alieleza kwa kusitasita kwamba ukurasa mmoja ulimchukua wiki nzima, na kwamba tangu amalize kitabu ameweza kupika tena sombe, yale majani ya muhogo. Hakusema kwa nini alikuwa ameacha.

Nami nikasimama. Nikasema kitabu kile ni kilio kitupu, na kwamba anayepima riwaya kwa sufuria yake bado hajajua kusoma. Vijana wawili wakacheka. Nilifurahi walipocheka, mwanangu, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Mama Ilunga aliniangalia bila hasira.

"Tata," akaniuliza kwa heshima kama anayemwita baba, "ule mama alipofika kwabo, alikuta nani ku mulango?"

Nikajibu kwamba nimesahau.

"Haukusahau," akasema. "Haukufikaka pale."

Akaketi. Hakuna aliyecheka tena, nami nikaketi.

Tulipotoka, mwalimu mstaafu aliyekuwa akituongoza alinivuta pembeni. Akanieleza kwamba kitindamimba wa Mama Ilunga alifukiwa na udongo katika shimo la shaba, na kwamba siku ile ya ajali mama alikuwa amemwekea sombe jikoni, akimngoja arudi kula. Wengine wote walijua. Mimi sikuwa nimeuliza.

Jumapili iliyofuata Mama Ilunga hakuja. Nikakiomba kile kitabu, nikakisoma chote. Mlangoni yule mwanamke alimkuta mama yake mzee, ambaye hakumuuliza neno. Alisogea tu kumpa nafasi kwenye mkeka. Nililia peke yangu chumbani.

Hata hivyo ilinichukua miezi kufika sokoni. Nilikiri kwa Mama Ilunga kwamba nilikuwa sijasoma, nikamwomba msamaha. Alimaliza kwanza kumpimia mteja unga, ndipo akanigeukia.

"Nilikusamehe zamani, mutoto yangu. Na mi sikuachaka kusoma. Niliachaka tu kusema."

Ukumbini hakurudi tena. Msamaha niliupata, lakini ile sauti niliyoinyamazisha sikuweza kuirudisha, wala sitajua kamwe ni mambo gani angetuambia juu ya vitabu vilivyofuata.

Mwanangu, nakuona wewe na wenzako mnaandikiana maoni kwenye simu kuhusu riwaya za watu walioumia wakapona. Ni jambo zuri, endeleeni. Kitabu usichokimaliza, sema hujakimaliza, hakuna aibu hapo. Usichokipenda, sema hukukipenda, karatasi haisikii uchungu. Lakini mtu akikueleza mahali kitabu kilipomgusa, jua amekuonyesha kidonda chake. Mwache afike mwisho wa maneno yake, na muulize kabla hujamjibu.

Mungu akujalie subira ya msomaji na ulimi mpole, mwanangu, na wote watakaokufungulia moyo wasijute kamwe kwamba walisema mbele yako.