Hija ya Marehemu Baba

Katikati ya miaka ya hamsini nilikuwa karani Morogoro mjini, nikaazimwa kwa Mwingereza mmoja aliyetumwa kupima fedha zinazotoka nchini. Jora la kitambaa likishushwa bandarini, watu wa forodha huliandika. Yeye alitaka yale ambayo forodha haiyaoni: nauli za meli za kigeni, bima zilizokatwa ng'ambo, malazi ya msafiri huko alikokwenda. Hivyo navyo, alisema, nchi imevinunua kutoka nje. Kazi yangu ilikuwa kuwauliza watu waliorudi safari.

Nilianza vibaya. Kila mtu nilimwuliza, "Ulinunua nini huko?" na kila mtu alinijibu, "Sikununua kitu." Mwenye duka mmoja wa Mikese, aliyekaa Bombay miezi kadhaa akitibiwa mguu, aliniapia kwamba hakununua hata leso. Na mguu wenyewe ulikuwa umepona, nauona. Kwa Kiswahili chetu anayenunua hurudi na kitu mkononi, daktari hanunuliwi. Mwingereza alizikasirikia karatasi zangu tupu, nami nilikasirika zaidi, maana swali lilikuwa lake, mimi nimelitafsiri tu. Nikaligeuza: "Ulimlipa nani?" Hapo watu wakafunguka.

Isipokuwa mahujaji. Hao walisema gharama ya hija haihesabiwi, anayeihesabu anajipunguzia thawabu. Mmoja wa mahujaji waliorudi mwaka ule alikuwa mama yangu mzazi, wa Mwembesongo.

Marehemu baba aliweka akiba ya hija kwa muda mrefu, kutokana na machungwa na mdalasini wa shamba letu la Kinole. Kisha mimi nikafaulu shule, akiba ikageuka ada, naye akafariki hajaiona Kaaba. Jambo hilo liliniuma, na linaniuma mpaka leo, ingawa mama hakunilaumu hata siku moja. Alivuna, akauza, akaweka, mwisho akaenda yeye pamoja na kaka yake. Niliwakuta wote wawili barazani baada ya swala ya alasiri.

"Shikamoo, mama. Shikamoo, mjomba."

"Marahaba," mama alisema. "Umekuja kama mwanangu au kama serikali?"

"Kama serikali, mama. Mwanao atakula baadaye."

Alicheka, akasema kwa ajili yangu atajaribu kuhesabu, Mungu ndiye mwenye kusamehe. Akawataja aliowalipa: wenye meli, mwenye nyumba ya kulala Maka, mwenyeji aliyewaongoza, dereva wa kwenda Arafa. Alipokwama mjomba alimkumbusha.

"Na yule wa baba yako," mama alisema.

Alikuwa amemlipa mtu wa Maka amhijie marehemu. Ni hija ya badali, na inaruhusiwa kwa aliyekufa kabla ya kwenda. Mtu huyo alipokea fedha, akaahidi kuifanya msimu uleule, akapotelea katika umati. Hawakumwona tena.

"Nilimwambia fedha ile ameitupa," mjomba alisema.

"Mimi fedha siililii," mama alijibu. "Ninachotaka kujua ni kama alihiji. Nikimwombea baba yako sijui nimwombee kama aliyefika au kama aliye njiani."

Sasa, Mwingereza alinifundisha kanuni moja akanionya nisiivunje: kazi ya watu wa nje huandikwa inapofanyika, si inapolipwa. Ukilipa kabla, hujanunua bado; unamdai tu mtu wa nje, na madai yana safu yake. Nilimweleza mama vivyo hivyo, kwa sababu alitaka kujua mbona kalamu imesimama.

"Kwa hiyo ukiandika upande huu, imefanyika?"

"Ndiyo, mama."

"Na upande ule?"

"Tunamdai bado."

Hakunishawishi. Alikunja mikono akatazama njia. Ushahidi sikuwa nao, na wa kumwuliza hayupo. Nilijua jambo moja tu, kwamba nilimtaka baba awe amefika. Nikaandika upande wa kazi iliyofanyika.

Mama hakujua kusoma. Aliweka kidole juu ya karatasi. "Ni hapa?"

Nikakisogeza kidogo. "Hapa, mama."

Alikiacha pale kwa muda, akitazama herufi asizozijua, machozi yakimtoka bila sauti. Kisha akajifuta kwa upindo wa kanga, akasema tangu leo mtu yeyote akimtaja mume wake katika nyumba hii, aanze na Alhaji.

Mjomba, aliyesema fedha imetupwa, ndiye aliyetangulia. "Alhaji," alisema, "Mungu amrehemu."